Mke Mdogo wa Mferejini

Bakiri alirudi nyumbani jioni na viatu vikavu, soksi zimelowa.

Hebu lirudie hilo polepole, maana hata Tabia mkewe alilitazama mara mbili. Viatu vyeusi vya kazi vilikuwa vikavu kama mkate wa juzi, vumbi limekaa juu. Lakini alipovivua mlangoni, soksi zilichuruzika. Mwanamume angeuliza ni bomba gani limepasuka. Tabia alikuwa mwanamke wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako binti hujifunza kusoma kola ya shati la mume kabla hajajifunza kusoma kitabu, na hesabu yake ilikwenda upesi: soksi hulowa mtu akiwa amevua viatu. Sasa mwanamume aliyeko kazini anavua viatu kwa nani?

"Umepita wapi?"

"Kazini."

"Kazini siku hizi mnavua viatu? Mashua imekuwa msikiti?"

Bakiri alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayekumbuka utani wa mtu mwingine. Akaenda kunawa. Nyuma yake ikabaki harufu ya matope ya chini kabisa, yale yasiyoona jua, yamechanganyika na waridi.

Waliyasema hayo kwa kunong'ona, na si kwa hofu. Hofu ilikuwa bado njiani. Walinong'ona kwa sababu ya sheria.

Mahali penyewe paliitwa Stilgrag, kijiji cha wenye nazo kaskazini mwa Johannesburg, ukishaipita Diepsloot na vioski vyake vya spaza na muziki wake. Gari haliingii. Hata mwenye gari la bei ya nyumba huliacha getini kama mtu anayeacha mbwa nje, kisha anaingia kwa miguu au kwa mashua, kwa sababu ndani hakuna barabara. Kuna mifereji. Maji mbele ya nyumba, maji nyuma ya nyumba, vidaraja vya mbao, mierebi imeinamia maji kama wanawake wanaoosha nywele. Honi marufuku. Redio marufuku. Kuita mtu kutoka ng'ambo marufuku. Wakazi walikuwa na kikundi chao cha WhatsApp cha kushtakia kelele, na kuna mzee mmoja aliyewahi kumshtaki chura.

Bakiri alikuwa mpiga pondo. Alisimama nyuma ya mashua bapa, akaisukuma kwa mti mrefu, akapeleka vyakula, magodoro, mafundi na bibi harusi wanaokuja kupiga picha. Tabia alifanya usafi katika nyumba za huko huko. Walipewa chumba na jiko mwisho wa mfereji wa mwisho, penye matete. Siku wanahama kutoka Troyeville, Masika fundi cherehani, Mkongo wa Butembo, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliwabebea sufuria hadi kwenye teksi huku akisema, "Weye Tabia, unaenda Ulaya bila visa. Mi naona wivu, sitakuficha."

Tabia alikuwa amefurahi kuonewa wivu. Ni kitu kitamu kuonewa wivu. Sasa alikuwa anajifunza upande wa pili wa sahani.

Alianza kumpeleleza mumewe. Na kupeleleza katika kijiji kisicho na gari ni kazi ya raha: unasikia kila kitu. Unasikia jirani akigeuza ukurasa. Asubuhi ya baridi, ukungu umelala juu ya maji, Tabia alikaa nyuma ya matete na ndoo yake akamsikia Bakiri anakuja, pondo ikizama, pondo ikitoka, matone yakidondoka. Kisha akasikia mwanamke anacheka. Kicheko kifupi, cha puani, cha mtu aliyefinywa ubavuni.

Mashua ikatokea. Bakiri alikuwa peke yake, amesimama nyuma. Hakuna abiria, hakuna mzigo. Lakini pua ya mashua ilikuwa imezama chini, kama inavyozama ikiwa na mtu mnene wa kutosha amekaa pale mbele, na Bakiri alikuwa anaiongelesha ile nafasi tupu kwa sauti ambayo Tabia hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba.

Mtu mwingine angekimbia. Tabia alikasirika. Alijiambia: amelala chini, yule mwanamke, amejifunika turubai. Ni mfanyakazi wa nyumba fulani, tena mvivu, maana saa hizi wenzake wako kazini.

Huko kwao Buyenzi kuna mila ya wake wa mitala, na wanawake huishika kuliko wanaume. Mke mdogo haingii kimyakimya. Huja mwenyewe kwa mke mkubwa, mchana kweupe, na zawadi ya kanga, inaitwa kifuta machozi. Mke mkubwa akiipokea kwa mikono miwili, basi, amempokea mwenzake. Hana tena haki ya kununa. Akiikataa, bibi harusi hurudi alikotoka, na mwanamume hubaki na aibu yake. Kwa hiyo mwanamke wa Buyenzi akihisi mume ana kimada, haendi kumvuta nywele. Humwita alete kifuta machozi. Kimada gani ana uso wa kuja? Kumi kati ya kumi hutoroka. Ni dawa iliyojaribiwa na mama zao na bibi zao.

Kosa la Tabia ni kuitumia dawa hiyo bila kujua anayenyweshwa ni nani.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la baridi limesimama utosini, kijiji kizima kiko ndani kinakula. Tabia alisimama kwenye ngazi ya mbao iliyoshuka majini, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ile ya chini inayoruhusiwa, ambayo kwa kweli ilikuwa inamkaba: "We mwanamke. Najua unanisikia. Mimi ni mke mkubwa na nina adabu zangu. Kama wewe ni mtu wa kweli, acha kujificha kama panya, lete kifuta machozi mlangoni kwangu, nikuone uso."

Hadeda, wale ndege wa Johannesburg wanaolia kama mlango wenye kutu, walikuwa wamejaa kwenye majani. Wote wakanyamaza. Maji yakatulia mpaka mawingu yakaonekana ndani yake vizuri kuliko juu.

Kesho yake saa ile ile, mlango ulibishwa.

Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa baibui, ameinamisha kichwa. Pindo la baibui lilikuwa limelowa. Tabia, kama mtoto yeyote aliyelelewa na bibi, alitazama miguu kwanza. Haikuwa kwato. Ilikuwa miguu ya kawaida, tena mizuri, yenye hina mpya, na hilo ndilo lililomuuma. Angeona kwato angefunga mlango. Aliona miguu mizuri kuliko yake, akaufungua zaidi.

"Dada, shikamoo," mgeni alisema, akinyoosha kanga iliyokunjwa. Sauti ilitoka laini, kama mtu anayeongea na kijiko cha maji mdomoni.

Sasa, ujanja wote wa dawa ulikuwa kwamba kimada haji. Huyu amekuja. Tabia alikuwa na hiari moja tu iliyobaki, kukataa. Lakini kanga ilikuwa nzuri, jamani, nyekundu ya komamanga iliyoiva, na mgeni alikuwa ameinama kwa heshima, na tangu Tabia afike nchi hii hakuna mtu aliyemwinamia. Madam wake humwita "my dear" bila kumtazama. Hapa mtu alikuwa amekuja kukiri mlangoni, mchana, kwamba yeye Tabia ndiye mkubwa. Kiburi kilimpanda kama maziwa jikoni.

"Marahaba," alisema. Akapokea kwa mikono miwili.

Mwanamke akageuka, akazunguka mwerebi ulio pembeni ya nyumba. Tabia akachungulia amwone anakokwenda. Nyuma ya mwerebi hakukuwa na njia. Kulikuwa na maji, na duara moja linapanuka polepole.

Jumamosi aliipeleka kanga Troyeville, Masika aikate doti na kuipinda. Angeweza kuipinda mwenyewe, ila alitaka ionekane. Masika aliikunjua mezani, akapapasa ukingo wa chini pale ambapo kanga zote za dunia huandikwa maneno yao.

"Haina maandishi."

"Basi haisengenyi."

"Tabia, kanga bila maneno iko kama mutu bila kitovu. Njo mara ya kwanza minaona." Masika alishika mkasi, akasita. "Nani alikupa?"

"Mke mwenzangu," Tabia alisema, akacheka ili aonekane anatania.

Mkasi ulikata. Sindano ya kwanza ilipita shono moja ikashika kutu. Ya pili pia. Masika alimalizia kwa mkono, ameminya midomo, na alipomaliza alivinusa vidole vyake kisha akaviosha kwa sabuni ya kufulia.

Tangu siku hiyo Bakiri akawa wa zamu.

Usiku mmoja alikuwa mume wa Tabia, mchovu, anayekoroma. Usiku uliofuata alilala pale pale kitandani lakini hakuwepo. Tabia akimgusa bega anakuta baridi ya chuma cha nje, na upande wa pili wa Bakiri, ule wa ukutani, godoro limebonyea na limelowa. Tabia hakulia. Alifanya jambo baya zaidi, alihesabu haki. Jana alikuwa wangu. Leo wake. Ndivyo tulivyokubaliana. Akageukia upande wake akalala, na asubuhi akajiuliza ni mawazo ya nani hayo.

Bakiri alianza kupungua. Ncha za vidole vyake zikakunjamana kama za mtu aliyekaa muda mrefu kwenye beseni, na hazikukunjuka. Chakula alikilamba tu. Chumvi hakuitaka tena. Kisha, mezani, mchana mmoja wa Jumapili, akiwa na kijiko mkononi, alisema kama mtu anayekumbusha kununua mkaa:

"Ijumaa nahamia kwake. Fungate, siku saba. Ni haki yake, hakupewa fungate."

"Kwake wapi?" Tabia alinong'ona.

Bakiri akanyoosha kijiko dirishani.

Nje ya dirisha hakukuwa na nyumba ya mtu, kulikuwa na mfereji tu, na Tabia alipoufuata ule mkono wa mumewe kwa macho aliona maji yale ambayo siku zote yalikuwa ya kijani na ya juujuu, maji ya mapambo, maji ambayo bata walisimama ndani yake bila kulowa mapaja, sasa yameingia weusi katikati na kwenda chini, na chini zaidi, na kule chini ambako fundi yeyote angekuapia kuwa ni saruji tu, kulikuwa na kitu kama mlango uliofunguliwa nusu, na taa, na mtu aliyetandika kitanda kwa utulivu, akinyoosha shuka, akipiga mto, akisimama kidogo kuangalia juu kuelekea dirishani kama mama mwenye nyumba anayesikia wageni wamekaribia.

Tabia alivuta pazia. Pete zikagongana juu ya fimbo.

"Unampenda?" Hata wakati ule, aliuliza hilo. Mume anakwenda kuzama, na swali ni hilo.

Bakiri alifikiria kwa uaminifu. "Kwake hakuna kelele," alisema.

Asubuhi Tabia alipanda teksi hadi Marshalltown bila kuaga kazini. Pale, kwenye kona yenye robot ya kuongozea magari isiyofanya kazi, mzee wa Ujiji aliyeitwa Shehe alikuwa akiuza kava za simu na chaja juu ya kreti. Shehe ni jina alilopewa na wazazi, usheikh hakuusomea. Ila kwa watu wa ziwani, kutoka Kigoma mpaka Uvira, ilijulikana kwamba chini ya kreti alikuwa na ubani, na kwamba amewahi kutoa vitu vilivyokataa kutolewa na wenye vyeo. Masika alikuja naye, kwa sababu Tabia alimwambia kila kitu kwa simu na Masika alisema kufa kwa Bakiri bila yeye kujua itakuwa dharau.

Shehe alisikiliza huku akimbandikia mteja kioo cha simu. Alipomaliza aliuliza jambo moja. "Zawadi uliipokea kwa mkono mmoja au miwili?"

"Miwili."

"Shikamoo uliitikia?"

"Niliitikia."

"Eish," alisema Shehe, na uso wake ukazeeka kidogo. "Mama, majini ya mahaba huja kwa mume, na mimi huwafukuza kwa mume. Huyu hakubisha kwa mume. Alibisha kwako, ukamfungulia. Siwezi kumwita mwizi mtu aliyeingia kwa kukaribishwa."

"Nimrudishie kanga."

"Imekatwa?"

Tabia na Masika walitazama chini, kila mmoja upande wake.

"Nguo iliyokatwa hairudi dukani," Shehe alisema. "Basi sikilizeni. Mlango wa kumtoa ni mmoja. Jini wa maji ana majivuno. Anakubali kuwa wa pili, kwa sababu wa pili ndiye anayepikiwa na kupambiwa. Lakini akija wa tatu, wa pili anakuwa nini? Kiti cha katikati kwenye teksi. Hana dirisha la huku wala la kule. Hatakaa. Atadai talaka yake mwenyewe." Akamgeukia Masika, akamtazama kuanzia kilemba hadi ndala.

"Hapana," Masika alisema.

"Sijasema kitu."

"Umesema na macho. Mi niko mulokole, mzee. Jumapili minaimba mbele. Nitaambia pasta nini?"

"Mwambie ulikuwa unashona," Tabia alisema.

"Nashona nini?"

"Unashona ndoa yangu."

Masika alirekebisha kilemba chake. Mumewe Masika alipofariki, ni Bakiri aliyesimama na maiti kule mochwari hadi karatasi zikapatikana, siku nzima, bila kukaa. "Mchezo tu?" akauliza.

"Mchezo," Shehe alisema. "Lakini usiotazamika kama mchezo. Huyu kiumbe anasikia uongo kama mbwa anavyosikia mfupa. Na wewe, mke mkubwa, ufurahi. Upige vigelegele."

"Kule hatuwezi kupiga vigelegele," Tabia alisema. "Kuna kikundi cha WhatsApp."

"Basi vipige kwa kunong'ona."

Alhamisi, saa ile ya jua la utosi, walikaa chumbani mwisho wa mfereji wa mwisho. Bakiri alikuwa kwenye mkeka na kanzu, rangi yake ya majivu, macho dirishani. Masika alikuwa amefunikwa pazia jekundu la jikoni, bado lina pete zake za kuning'inizia, akipumua kwa nguvu na kusali kwa Kinande ndani humo. Shehe aliweka ubani kwenye kikopo cha samaki. Madirisha yamefungwa, mapazia yamevutwa. Hata hivyo, juu ya dari, mwanga wa maji ulikuwa unacheza, vimistari vyeupe vikipanda na kushuka, kama wote wako chini na mawimbi yako juu yao.

Shehe alianza. Alitaja mahari, akataja mashahidi, sauti yake ya kuuzia chaja imekuwa nyingine kabisa. "Bakiri, umemkubali Masika?"

Bakiri hakusikia. Masika, kwa hofu na kwa huruma, akanyoosha mkono kutoka chini ya pazia akamshika vidole vile vilivyokunjamana. Mkono wa Masika ulikuwa wa moto, mkono wa mtu wa kazi. Bakiri aliutazama. Kisha akamtazama Masika, na taratibu, kama taa inayorudi baada ya umeme kukatika mtaa mzima, akatabasamu.

"Nimemkubali," alisema. Sauti yake mwenyewe.

Vigelegele havikumtoka Tabia.

Tabasamu lile. Wiki na wiki alikuwa amelitafuta. Alimpikia, alimkanda, alimlilia, alijipaka manukato hadi madam akapiga chafya, hakulipata. Na huyu, amevaa pazia, amelipata kwa kumshika vidole. Tabia akasahau kwamba ni mchezo, akasahau jini, akamwona mbele yake mwanamke mnene mwenye mikono ya joto ameshika mume wa watu.

Ubani ukazimika. Chumba kikanuka matope na waridi.

"Dada," mdomo wa Bakiri ulisema. Midomo ilikuwa yake. Sauti ilikuwa na kijiko cha maji. "Shikamoo."

"Marahaba," Tabia alisema kabla hajajizuia.

"Huyu ni nani?"

"Mwenzetu."

"Umempokea?"

"Nimempokea."

Maji yalianza kuingia chini ya mlango, ulimi mwembamba, safi, ukajinyoosha sakafuni ukaupita mkeka wa Bakiri, ukampita Shehe aliyekuwa anasoma kwa midomo mikavu, ukampita Masika aliyekunja miguu chini ya pazia lake, na ukaenda moja kwa moja hadi kwenye nyayo za Tabia, ukazilamba taratibu, kwanza kisigino, halafu unyayo, halafu katikati ya vidole, kama mtu anayepapasa nyumba gizani akitafuta swichi ilipo.

"Moyo wako unawaka, dada," sauti ilisema, na ilikuwa na mshangao, karibu na upendo. "Nausikia kutoka huko kwangu. Basi ni kweli. Ameolewa."

"Ni kweli," Tabia alisema, na machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli.

"Sikai katikati. Mume namrudisha. Anipe talaka yangu."

Shehe alimshika Bakiri kidevu. Bakiri alisema neno, akalirudia, akalirudia tena, na kila mara sauti yake ikapanda kutoka kisimani hatua moja. Mara ya mwisho alikohoa maji ya kijani kwenye kanzu, akaangalia huku na huko, akauliza kwa nini Masika amevaa pazia.

Masika alicheka mpaka akalala chali. Alicheka kwa sauti, wakazi wakashtaki baadaye. Shehe pekee hakucheka. Alikuwa amegeuza sikio mferejini, anangoja kusikia maji yakimpokea yule jini. Alingoja hadi ubani ukapoa. Maji hayakupokea kitu.

"Amepita wapi?" alijisemea.

Tabia hakumsikia. Alikuwa ameshika koo lake. Alihisi ubaridi mtamu unateremka kifuani, kama mtu aliyemeza barafu siku ya joto, na akaamini ndivyo nafuu inavyokuwa.

Walirudi Troyeville. Chumba kidogo, mtaa wa kelele, teksi zinapiga honi hadi kwenye ndoto. Bakiri alipata kazi ya ulinzi katika duka la matairi. Akanenepa, akadai chumvi, akakoroma, mume wa kawaida kama mume yeyote. Wakati mwingine alisema, "Mpelekee Masika hii samaki, alituokoa." Au, "Suruali hii nimpe Masika aibane." Mambo ya shukrani. Tabia alitabasamu kila mara. Kelele za mtaa zilianza kumsumbua. Alikaa ndani, amefunga madirisha, akasikiliza, na kila siku alisikia mbali zaidi: jirani akikuna kichwa, cherehani ya Masika upande wa pili wa ukuta, sauti ya mwanamume ikisema asante, kiti kikivutwa ili mtu akae.

Jumatano mchana alivuka ua akaingia kwa Masika. Bibi harusi mmoja alikuwa ameagiza gauni, na Masika alikuwa akilipiga pasi, chungu nzima ya nguo nyeupe mbele yake.

"Ee, mama Ulaya," Masika alisema kwa furaha. "Karibu. Umekonda. Unakula kweli?"

"Bakiri alipita hapa leo?"

"Alileta suruali yake. Tulicheka, minakuambia, anauliza mahari yake tutarudisha lini."

"Alikaa?"

"Kidogo tu. Kwa nini?" Masika aliegesha pasi kwenye kibao chake akanyoosha mkono kuchukua mkasi, kisha akaacha. Alikuwa anamtazama Tabia usoni, na furaha ilikuwa inamtoka taratibu, kuanzia machoni. "Tabia. Mbona unaongea hivi?"

"Hivi vipi?"

Tabia aliinamia meza ili amsogelee. Kitu kikaanza kulia, sss, mlio mrefu wa kitambaa kibichi, na mvuke ukapanda katikati yao, mweupe, mwingi. Masika alirudi nyuma akagonga ukuta, mkono mdomoni. Tabia alitafuta kwa macho kinachoungua. Kilikuwa kiganja chake. Kilikuwa kimekaa bapa juu ya uso wa pasi ya moto, kinatoa mvuke kama sponji, na hakikuwa na maumivu, hakikuwa hata na joto. Aliona ni jambo la ajabu kidogo. Lakini lilikuwepo la muhimu zaidi, kwa hiyo hakukiondoa.

"Nimekuuliza kwa heshima, mdogo wangu," alisema, laini, na maneno yalimjaa mdomoni kama maji. "Alikaa muda gani?"